Tunataka filamu ya kuchekesha kuhusu kuona haya juu ya ngono, lakini inatia kinyaa tu. Tumekosea wapi?

"Shikamoo mtaalamu. Sisi ni vijana saba wa Igoma, Mwanza. Tuliangalia filamu ya John Waters, A Dirty Shame, tukasema na sisi tutengeneze ya kwetu ya dakika 25, kuhusu mtaa wa watu wenye staha kupita kiasi. Mhusika wetu ni Mama Kulwa, mwenye duka na mwalimu wa kwaya. Anaangukiwa na gunia la dagaa pale Mwaloni, na akizinduka hashikiki tena: anawakimbiza na kuwashikashika vijana wa bodaboda, anavua nguo stendi. Muswada una kurasa 41. Tulipousoma mbele ya watu walicheka mwanzoni, kisha wakanyamaza, na mama mmoja akasema kinatia kinyaa. Mwenzetu mmoja anasema tunaogopa, tuonyeshe uchi kabisa kama Wazungu. Mwingine anasema watu wa kwetu hawazungumzii ngono, ndiyo maana hawacheki. Dada anayecheza Mama Kulwa ana mume, na yuko kwaya kwelikweli, ameanza kusita. Halafu bodi ya filamu: tukiipandisha mtandaoni moja kwa moja, si tunakwepa kibali?"

Marahaba, na poleni na huo usomaji. Watu wakinyamaza katikati ya kichekesho, kimya chake ni kizito kuliko cha msibani.

Muswada wenu nimeusoma, na nimewaelewa hivi: mnataka kuicheka haya iliyopitiliza, kazi yenu inachekesha kwa kurasa chache kisha inageuka karaha, na sasa mmegawanyika kati ya wanaotaka kuongeza uchi na wanaotaka kuacha. Naanza na huyo wa uchi, maana ndiye atakayewaponza mapema.

Irudieni ile filamu mkiwa na daftari. Ni ya mwaka 2004, mtaa wake uko Baltimore, na Tracey Ullman anacheza Sylvia, mke mwenye duka aliyenuna, asiyetaka hata kuguswa na mumewe. Tena amemfungia binti yake ndani kwa kufuli. Hayo yote tunayaona kabla Sylvia hajagongwa kichwa na kuzinduka akiwa na tamaa isiyoshikika. Baadaye mtaa unagawanyika pande mbili, na mama yake mzazi yuko mstari wa mbele wa wakali. Kwa hiyo Sylvia anapofunguka tunajua amefungua mlango upi, na ufunguo alikuwa ameushika nani. Nyinyi mmeliangusha gunia la dagaa kwenye ukurasa wa tatu. Mama Kulwa hatumjui, hatujaona amekataza nini wala amemwonea nani. Akivua nguo stendi tunaona mgonjwa, na mgonjwa hachekwi.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji wa Igoma hawezi kulipata kirahisi. Waters alikuwa anachezea aina ya sinema ambayo watazamaji wake wanaijua: zile za zamani za bei rahisi za Marekani, zilizouza ngono, nyingine kwa kisingizio cha kuelimisha. Mtu aliyezizoea anacheka kila dakika. Asiyezijua anaona fujo. Sasa jiulizeni, mtazamaji wenu amezoea filamu gani? Amezoea filamu ya mafunzo: sauti nzito inayoanza na "Katika jamii zetu…", daktari mwenye koti jeupe anayeelekeza kijiti kwenye chati, mwisho mtu analia kitandani hospitali na maandishi yanapanda juu ya uso wake. Hiyo ndiyo mali yenu. Igeni sauti hiyo na uzito wake wote, halafu muitumie kueleza upuuzi wa mtaa wenu kana kwamba ni mlipuko wa kipindupindu.

Na kuhusu huo uchi wa Wazungu, hata kwao unalipiwa. Filamu ile ilipewa daraja la NC-17, yaani wenye miaka 17 na chini ya hapo hawaingii kabisa hata wakiwa na mzazi, na ikabidi litengenezwe toleo jingine lililokatwakatwa. Kikundi cha watu saba chenye kamera moja hakina ubavu wa kulipa gharama hiyo.

Anayesema watu wa kwetu hawazungumzii ngono naye amekosea, na kosa lake ndilo limewanyima vichekesho vyenu vizuri zaidi. Nendeni kitchen party yoyote ya Nyakato mkae nje ya ukumbi, msikilize mnachoweza kusikia kabla hamjafukuzwa. Sikilizeni babu anavyomwita mjukuu wake "mke wangu" na bibi anavyomjibu. Someni kanga zilizoanikwa uani. Ngono inazungumzwa kutwa, ila kila mazungumzo yana chumba chake: haya kwa shangazi na bibi harusi, yale kwa watani, mengine kwa wanaume wakiwa kwenye kahawa. Kuona haya kwetu ni ramani ya mahali, inayosema nani aseme nini, wapi, mbele ya nani. Mtu anayeogofya mtaa ni yule anayechukua maneno ya chumba kimoja na kuyafungulia katika kingine.

Hapo ndipo kicheko kinapozaliwa. Chukueni karatasi, mchore safu tatu: msemaji, mahali, wasikilizaji. Andikeni watu kumi wa mtaa wenu na mahali kumi: ofisi ya mtaa, foleni ya kituo cha afya, kivuko cha Kamanga, mazoezi ya kwaya, saluni, daladala ya Buhongwa, msibani, baraza la ndoa, kwa fundi cherehani, kikoba. Kisha anzeni kuyahamisha maneno. Ya kitchen party yapelekeni kikao cha mtaa. Lugha ya kikao cha mtaa, yenye "agenda", "yatokanayo" na "mengineyo", iingizeni chumbani kwa wanandoa. Kila mkihamisha, mtasikia wenyewe mahali panapotekenya.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: Mama Kulwa akizinduka, kinachofunguka kiwe ulimi. Asimguse mtu, asivue hata kilemba. Apoteze uwezo wa kutumia tafsida, basi. Kiswahili kimejaa tafsida za jambo hili: tendo la ndoa, unyumba, kukutana kimwili, chakula cha usiku, shughuli, mechi, mambo yetu. Mtaa mzima uishi ndani ya maneno hayo, na katikati awepo mama mmoja ambaye hayajui tena. Tazameni linavyofanya kazi mahali panapofaa kuliko pote. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro wa wanandoa upite kwenye baraza la usuluhishi kabla haujafika mahakamani kuombewa talaka. Yaani kuna chumba halali, chenye meza, muhuri na katibu, ambamo jambo la kitandani lazima lisemwe mbele ya watu na liandikwe:

MWENYEKITI: Mlalamikaji, eleza shida yako kwa staha.
MLALAMIKAJI: Mheshimiwa, nanyimwa.
MWENYEKITI: Unanyimwa nini?
MLALAMIKAJI: Mheshimiwa, si umesema kwa staha?
KATIBU: Niandike nini hapa?
MWENYEKITI: Andika huduma.
KATIBU: Huduma zipi?
MWENYEKITI: Za jamii.
MAMA KULWA (toka benchi la nyuma): Andika ngono, mwanangu. Ni herufi tano tu.

Mistari minane ya kuzunguka, mmoja wa kugonga. Hiyo ndiyo hesabu yake. Neno lenyewe liwe moja, lisemwe taratibu, bila kupiga kelele, na mtu anayeona analisaidia baraza. Likisikika mara kumi katika filamu, la kwanza tu ndilo litachekesha. Tisa yaliyobaki yatafanya kazi ya tusi. Mimi ningelitumia mara moja tu katika dakika zote 25, na hapo ndipo ningeliweka. Sehemu nyingine Mama Kulwa aseme ukweli wa namna nyingine: amuulize mchungaji wa kubuni kwa nini amehubiri juu ya sketi Jumapili sita mfululizo na juu ya rushwa hata mara moja hajagusa.

Sasa gunia la dagaa. Ni zuri kwa macho, na harufu yake tunaisikia hata kwenye simu, lakini halina uhusiano wowote na dhambi ya Mama Kulwa. Limemkuta tu, kama ajali. Kinachomwangusha mkali katika kejeli kitoke mikononi mwake mwenyewe. Mfano: mwanzoni mwoneni akiwa mwenyekiti wa kamati ya maadili aliyojiteua. Kila asubuhi anapita maduka ya nguo ya Makoroboi na furushi la kanga, anazifunika zile sanamu za kuvalishia nguo, zile zenye makalio ambayo hakuna binadamu wa Kanda ya Ziwa aliyewahi kuzaliwa nayo. Anazifunga kanga kifuani, anazifunika kilemba, nyingine anaigeuza uso kwa ukuta. Wenye maduka wanamwamkia kwa heshima na akipita wanafungua. Ndipo siku moja apande kigoda kuifunika iliyo juu, kigoda kiteleze, na sanamu imwangukie yeye, tena kwa makalio. Hapo hamhitaji kueleza chochote. Dagaa waacheni wauzwe.

Sini hiyo ya kufunika muipe dakika mbili na nusu nzima bila maneno. Watu wengi wanaotengeneza vichekesho hulikimbiza katazo ili wafike kwenye fujo, fanyeni kinyume. Kamera itulie. Mikono ya Mama Kulwa ionekane kwa karibu ikikaza fundo la kanga kwenye kiuno cha plastiki, airudie mara ya pili kwa sababu halijakaa sawa, avute kidogo nyuma afunike na kisigino. Anaifunga kwa upole, kama anamvika mtoto. Huo upole ndio utakaotufanya tumpende, na tukimpenda ndipo tutacheka naye akianguka.

Naomba nikae kidogo kwenye lile la kuwashikashika vijana wa bodaboda, kwa sababu ndilo lililomchefua yule mama, na alikuwa na haki. Mtu anayeshikwa bila kutaka hajakombolewa, na anayeshika naye hajakombolewa, amepata nguvu tu. Mkibadilisha jinsia mtaona mara moja: mwalimu wa kwaya mwanamume anawakimbiza wasichana wa mama ntilie, nani atacheka? Na nyinyi mko ufukweni, mahali ambapo mwanamke mchuuzi anaweza kuambiwa samaki wapo lakini bei yake si pesa. Mtazamaji wenu anaijua hadithi hiyo, pengine ni ya dada yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ina kifungu chake, cha 25, kinachohusu rushwa ya ngono inayodaiwa na mwenye mamlaka. Mkitaka sumu ya kweli katika kejeli yenu, mjumbe wa kamati ya maadili awe ndiye mwenye tabia hiyo, na ulimi wa Mama Kulwa umfikie. Kicheko kipande kwenda kwa mwenye madaraka. Kikishuka kwa mnyonge kinakuwa kile kile walichokinyamazia.

Injini hii, ya kubana hadi kupasuka, si ya Wazungu pekee. Jirani yenu kabisa, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliitumia katika Rosa Mistika ya mwaka 1971: baba mlevi anambana binti asiongee hata na mvulana, binti akitoka nje ya macho yake hana breki, na mwisho wake ni mauti. Kitabu hicho kiliwahi kuzuiwa shuleni. Kisomeni kabla hamjaandika tena. Angalieni jinsi mwandishi anavyoweka ukali wa baba na uchafu wa baba kwenye nyumba moja, wala hasemi neno. Yeye alikwenda kwenye msiba, nyinyi mnakwenda kwenye kicheko, lakini ramani ya mwanzo ni ile ile.

Kuhusu mwisho wa filamu yenu, huo wa mtaa mzima kuvua nguo stendi: utoeni. Usukumani kuna umbo la mashindano lililo tayari, na silioni kabisa katika muswada wenu. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vilivyotokana na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana kwa kucheza wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Ndiyo maana wanabuni vituko: nyoka, majembe, midoli, chochote cha kumfanya mtazamaji ahame upande. Bulabo ya Bujora, pale Kisesa, hufanyika Juni kila mwaka na ni mwendo mfupi tu kutoka Igoma. Nendeni na daftari. Halafu kamati ya maadili na wafuasi wa Mama Kulwa wapambane hivyo hivyo uwanjani, kila upande na kwaya yake na spika yake, na watazamaji wahame huku na huko. Wakali wakiona uwanja wao umebaki mtupu, waanze nao kulegeza: kwanza kiuno kidogo, kisha mistari miwili yenye fumbo, hadi mtu asijue tena nani anampinga nani. Msidhihaki ngoma yenyewe wala dawa zake. Kopeni umbo tu. Na tafadhali, acheni lafudhi ya Kisukuma iliyotiwa chumvi. Imechekwa vya kutosha, na watazamaji wenu nusu yao wanaongea hivyo nyumbani.

Umati wa watu 30 unatosha kwa sini hiyo. Msiwapige picha kutoka mbele wakiwa wametawanyika. Wapangeni safu tatu zilizobanana, kamera iwe chini usawa wa kiuno, kisha hamisheni watu wale wale upande wa pili wakiwa wamebadilisha kofia na kanga. Picha za pande mbili zikiunganishwa, 30 wanakuwa 60.

Kurasa. Ukurasa mmoja uliopangwa vizuri ni kama dakika moja, hivyo kurasa 41 haziwezi kuwa dakika 25 hata muongee kama madalali. Fikieni 24 hadi 26. Kwa kuanzia, futeni sini zote za watu kuelezana walichokiona, na ile ndoto. Sikuelewa ndoto inafanya nini mle.

Kabla ya kushuti, jaribuni muswada mpya kwa watu 12, si kwa marafiki. Wasomeeni wanawake sita peke yao, siku nyingine wanaume sita peke yao, siku ya tatu wote pamoja. Mmoja wenu asiangalie muswada, aangalie nyuso, na pembeni ya kila mstari aweke alama moja kati ya tatu: wamecheka, wamenyamaza, au wamegeuka kumtazama jirani. Mahali wanawake walipocheka wakiwa peke yao na kunyamaza mbele ya wanaume ni dhahabu. Msipaguse, wekeni hapo picha ya mtu anayesikia na kujikausha. Mahali wanaume tu ndio waliocheka siku zote, mara nyingi anachekwa mwanamke kwa kuwa mwanamke, kateni. Pakiwa kimya siku tatu, kateni hata kama ni mstari mnaoupenda.

Sini ya chumbani mnayo moja, ya Mama Kulwa na mumewe, na ibaki, kwa sababu bila hiyo uhuru wake ni maneno matupu. Lakini ishutieni kwa masikio. Nyumba za mlimani Mabatini, zilizojipachika katikati ya mawe, zinafaa sana: paa la jirani wa chini liko usawa wa mlango wa jirani wa juu, kila mtu anaishi mbele ya macho ya mwenzake. Kamera ibaki nje kwa jirani anayekuna nazi. Tunasikia chaga za kitanda mara mbili, kisha kimya. Jirani anaacha kukuna. Chaga mara ya tatu. Anaongeza redio. Mara ya nne anaizima ili asikie. Sauti ya chaga irekodini peke yake, mtu mmoja akikaa na kuinuka kitandani, maiki ikiwa karibu na mguu wa kitanda kwa umbali wa shubiri mbili. Ikirekodiwa pamoja na waigizaji wawili chumbani haitatoka safi, na dada yenu hana sababu ya kupitia hayo.

Na huyo dada msimsukume. Mwiteni mbele ya mtu wa tatu anayemwamini, apewe muswada mzima, si sini zake tu, apewe siku tatu akae nao. Kila mguso uandikwe: mkono wa nani, wapi, kwa muda gani. Kisichoandikwa hakifanyiki siku ya kushuti, hata mwongozaji akipata wazo zuri namna gani. Mkubaliane neno moja la kusimamisha kazi, na likisemwa hakuna anayeuliza kwa nini. Sini yenye mguso ikishutiwa, wawepo watu watano basi: waigizaji wawili, kamera, sauti, na mwanamke mmoja aliyeteuliwa kumlinda. Simu zote zibaki nje kwenye beseni. Ndani ya nguo anazoonekana nazo avae suruali fupi ya kubana na fulana, hata kama kamera haifiki huko. Akikataa baada ya yote, badilisheni sini au badilisheni mwigizaji, na urafiki ubaki. Sini yoyote yenye maneno au vitendo vya ngono asiwepo aliye chini ya miaka 18, hata kama anapita nyuma na ndoo.

Hali ya hewa nitaigusa kwa haraka. Sini za nje anzeni alfajiri mmalize kabla ya saa nne, upepo wa ziwani haujaanza kupuliza kwenye maiki. Usiku karibu na maji taa zenu zitavuta wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, hasa mwezi ukiwa mchanga. Wataingia kinywani mwa mwigizaji katikati ya mstari. Taa kuu iwekeni mbali na waigizaji, hatua 15 hivi, na nyingine kali zaidi muiwashe pembeni iwe chambo.

Nafika kwenye bodi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976, inataka kibali kabla ya kutengeneza filamu, na filamu ikaguliwe na kupewa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani. Anayesimamia ni Bodi ya Filamu Tanzania. Mtandao haufuti hilo. Unaongeza: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, inagusa uchapishaji wa ponografia na mambo ya aibu kupitia kompyuta, na adhabu zake ni za faini kubwa na kifungo. Kwa hiyo kupandisha kimyakimya ndiyo njia yenye hatari zaidi. Muswada ule wa kuvua nguo stendi ungewasumbua. Huu wa ulimi una nafasi ya kweli, ingawa hakuna anayeweza kuwaahidi mapema. Andikeni ombi pamoja na muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema wazi kwamba ni vichekesho kwa watu wazima, na ombeni daraja la watu wazima wenyewe. Mkaguzi akiona mmejipangia umri, mazungumzo yanaanza mahali pazuri. Kanisa, kwaya, mtaa na shule viwe vya kubuni, na msitumie sare inayofanana na ya kwaya yoyote inayojulikana Mwanza. Mkimchora mtu kiasi kwamba Igoma nzima inamtambua, kesi ya kashfa haitajali kwamba mlibadilisha jina.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kabla ya kulipia chochote nendeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri yenu, mkiwa na muswada uliochapwa, mumuulize utaratibu wa kibali ulivyo sasa. Mikataba ya waigizaji isomwe na wakili, hata kwa saa moja. Na kama katika mazoezi mmoja wenu, mwanamke au mwanamume, anaanza kutetemeka au kulia kwa sini ambayo wengine wanaiona ya kawaida, simamisheni mazoezi. Inawezekana imegusa jambo lililompata. Dawati la jinsia na watoto polisi lipo kwa anayetaka kushtaki, na hospitali kubwa za Mwanza zina washauri kwa anayetaka kuongea tu.

Mume wa dada yenu msimwite siku ya kushuti. Mwiteni siku ya kusoma, akae mbele, asikie ile sini ya baraza la ndoa. Akicheka kwa "huduma za jamii", mengine mtaelewana.

Sanamu ya dukani msinunue, azimeni, na muandikishane na mwenye duka kwamba mtailipia ikivunjika. Vidole vyake ndivyo huanza kukatika, na itamwangukia Mama Kulwa si chini ya mara sita kabla hamjapata picha mnayoitaka.